Kalamu ya Tabibu Juu ya Mwanagenzi

Kila hospitali inayofundisha inayo karatasi moja, siku hizi aghalabu ukurasa wa kompyuta, ambayo tabibu mzoefu hutakiwa kuijaza juu ya tabibu mwanagenzi aliyekuwa chini ya uangalizi wake kwa muda fulani: amejua nini, amekosea wapi, na je, yafaa aachiwe wagonjwa usiku peke yake au bado. Juu ya karatasi hiyo hukutana riziki ya kijana aliyetumia ujana wake kusoma, jina la chuo kilichomlea, na uhai wa watu ambao hawajaugua bado na ambao hawatapata kujua kwamba siku fulani, katika ofisi fulani, jambo lao liliamuliwa. Pamoja na uzito wote huo, hapana karatasi ichelewayo kama hiyo, na inapofika, mara nyingi imebeba maneno ambayo yangeweza kuandikwa juu ya mtu yeyote: ni mwema, ana bidii, anasikilizana na wenziwe, asome zaidi.

Wasimamizi wa mafunzo wamelalamikia jambo hili kwa miaka mingi, na swali lao huwa moja, nalo ni kitu gani kitakachomsukuma tabibu aandike kwa hima na aandike kweli. Katika kuuliza hivyo huunganisha hima na kweli kana kwamba ni pacha, na dawa waitafutayo huwa moja kwa wote wawili. Mimi naona hapo ndipo kosa linapoanzia. Hima ni jambo la wasaa na mazoea, nayo yaweza kununuliwa au kulazimishwa. Kweli hutoka kwa tabibu pale tu anapoamini kwamba neno lake litatumika kwa faida ya mwanagenzi na ya mgonjwa, na kwamba hataachwa peke yake kulibeba. Dai hili nitalipima kwanza kwa mambo ya Marekani na Kanada, ambako taksiri hii imechunguzwa na kuandikwa zaidi kuliko kwingine, wala sidhani kwamba matabibu wa huko ni waongo kuliko wa kwetu. Ya kwetu nitayafikia baadaye.

Hapo zamani fomu haikuwa na kazi kubwa. Hospitali ya Johns Hopkins ilipofunguliwa mjini Baltimore mwaka 1889, na chuo chake cha utabibu mwaka 1893, William Osler aliwatoa wanafunzi katika kumbi za mihadhara akawapeleka kando ya vitanda vya wagonjwa, na madaktari vijana wakalala na kuamka humo humo hospitalini kwa miaka, hata mwalimu akamjua mwanafunzi wake kama nahodha amjuavyo baharia aliyepita naye kusi na kaskazi. Ripoti ya Abraham Flexner ya mwaka 1910, iliyotokana na ukaguzi wa vyuo 155 vya Marekani na Kanada, iliufanya mtindo huo kuwa kipimo cha vyuo vyote, na vilivyoshindwa kukifikia vikafungwa au vikaunganishwa na vingine. Lakini umbo la mafunzo lilidumu ilhali mazoea yaliyolipa uhai yamekwisha: leo mwalimu hukaa wodini juma moja au mawili kisha akampisha mwenziwe, mwanagenzi naye huhama idara kila mwezi, na tangu mwaka 2003 saa zake za kazi nchini Marekani zimewekewa mpaka wa 80 kwa juma. Mpaka huo una haki yake, maana aliyekesha siku mbili si wa kukabidhiwa kisu. Walakini matokeo ni kwamba ujuzi juu ya kijana mmoja umetawanyika katika vichwa vya watu ishirini, kila mmoja akiwa na kipande chake, na karatasi tunayoizungumza ndiyo njia pekee iliyobaki ya kuvikusanya vipande hivyo. Asipoiandika mmoja, kipande kimepotea. Akiandika uongo, kimeharibu na vya wenziwe.

Basi kwa nini inachelewa? Sababu haina siri. Tangu mwaka 1992 Medicare, yaani bima ya serikali ya Marekani kwa wazee, hupima kila tendo la tabibu kwa vizio na kulipa kwa idadi yake, na hospitali nyingi zimeshika mizani hiyo hiyo kuwapimia waajiriwa wao: uchunguzi una vizio, upasuaji una vizio, mashauri yana vizio, bali kukaa na kijana dakika kumi na tano na kumweleza kwa nini alipotea njia katika historia ya mgonjwa hakuna hata kimoja. Mtu aliyelipwa kwa mizani hiyo mchana kutwa, akarudi nyumbani na majalada ya wagonjwa ambayo hajayakamilisha, hukuta ukumbusho wa tathmini kumi na mbili zinazomngoja, na hapana haja ya kuwa mwanafalsafa kujua ipi itasubiri. Baraza linalovipa ithibati vyuo vya utabibu vya huko limeamuru alama za mwanafunzi ziwe zimetoka ndani ya majuma sita tangu amalize zamu yake. Amri hiyo imesaidia, kwa kuwa chuo kinachoogopa kupoteza ithibati hujua kuwaogofya wakuu wa idara, nao hujua kuwaogofya walio chini yao.

Idara hizo zimejaribu kila aina ya kishawishi na kila aina ya kiboko: kutundika majina ya wachelewaji, kuzuia sehemu ya bahashishi ya mwaka, kulihesabu jambo hili wakati wa kupandishwa cheo, kumtuma karani amfuate tabibu hadi mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Baadhi ya hayo hufaa, lakini hata hima haiuzwi kwa bei ndogo. Wachumi wawili, Uri Gneezy na Aldo Rustichini, walichapisha mwaka 2000 uchunguzi wa vituo kumi vya kulelea watoto mjini Haifa, ambako katika baadhi ya vituo hivyo wazazi waliochelewa kuwachukua watoto wao walianza kutozwa faini kidogo. Kuchelewa kukazidi, na faini ilipoondolewa, kukabaki palepale, kwa kuwa kilichokuwa wajibu baina ya watu kimegeuka bidhaa yenye bei, tena bei rahisi. Tabibu anayekatwa fedha kidogo kwa karatasi iliyochelewa aweza kufanya hesabu iyo hiyo. Na hata pale faini inapokuwa kubwa ya kuuma, inachokileta ni karatasi tu: mtu hufungua ukurasa saa tano za usiku, akateremsha nambari nne kuanzia juu hadi chini kwa wanagenzi wote sita, akafunga. Mkuu wa mafunzo hupata asilimia mia moja katika taarifa yake, na hana alichokijua.

Nisije nikaonekana kuidharau hima. Tathmini iliyoandikwa baada ya miezi miwili ni hafifu hata mwandishi wake awe na dhamiri safi, kwani kumbukumbu huangusha kwanza mambo madogo ya hakika, kama dozi iliyokosewa, swali ambalo hakumwuliza mgonjwa, simu ambayo hakuipiga kwa mkubwa wake usiku, na kinachobaki ni sura ya mtu, ucheshi wake au ukimya wake; hapo tabibu huandika alivyompenda, akidhani anaandika alivyomwona. Na hata kuona kwenyewe si jambo la kuaminiwa ovyo. Mwaka 1992 ulichapishwa uchunguzi wa walimu 203 wa magonjwa ya ndani nchini Marekani, ambao walionyeshwa filamu za madaktari vijana wakimhoji na kumpima mgonjwa, na makosa yamepandwa humo makusudi. Walioandika kwa maneno yao wenyewe waliyaona makosa kama theluthi moja. Waliopewa fomu iliyowaelekeza nini cha kutazama waliyaona kama theluthi mbili. Hiyo ni faida kubwa kwa karatasi tu, na mtu angeweza kuishia hapo akasema tatizo limekwisha. Lakini walimu wengi waliotazama filamu zile, pamoja na makosa yaliyokuwamo, walitoa hukumu ya jumla kwamba kijana anatosha, au anazidi kutosha. Kuona ni kitu kimoja na kusema ni kingine, na baina yake kuna mto ambao fomu haiwezi kuwa daraja lake.

Ni nini kilichomo katika mto huo? Wengi hujibu upesi kwamba ni woga, au upole uliokosa mipaka. Jack Ende, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1983 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani, alieleza jinsi mwalimu aogopaye kumwumiza mwanafunzi huzungukazunguka na maneno, na mwanafunzi, naye akiogopa kusikia mabaya, humsaidia kuzunguka, hata nasaha ikatoweka baina yao bila ya mmoja wao kujua imekwenda wapi. Hayo ni kweli, na nani kati yetu asiyeujua muhali? Ila mwaka 2005 Nancy Dudek na wenziwe huko Ottawa waliwauliza walimu wa hospitalini wenyewe kwa nini huwapitisha wanagenzi ambao mioyoni mwao wamewaona hawafai, na majibu yao yanastahili kutafakariwa, kwa kuwa si yale ambayo mhubiri wa maadili angeyatarajia. Walimu wale walisema wanaweza kumtambua mwanagenzi dhaifu, hilo haliwashindi. Kinachowashinda ni kwamba wakati wa kuandika hukumu hawana kumbukumbu za siku kwa siku za kuitegemeza. Kwamba hawajui hasa ni mambo gani yanayostahili kuandikwa. Kwamba wanaona mbele yao rufani, vikao na barua, nao hawana wasaa wala ghera ya kupigana vita hiyo. Na kwamba hata wakiandika, hakuna matibabu ya mwanagenzi, yaani hakuna mpango wa kumsaidia arekebike.

Angalia vizuri mambo hayo manne. Ukitoa lile la kutojua nini cha kuandika, yaliyosalia yote ni ya nyuma ya kalamu au ya mbele yake. Hakuna hata moja linalomsuta tabibu kwa kukosa insafu. Mtu anayeamini kwamba neno lake litamtupa kijana katika shimo lisilo na ngazi, na kwamba yeye mwenyewe ataitwa mbele ya baraza bila ya ushahidi wala mtu wa kusimama naye, atanyamaza, na kunyamaza kwake kutaonekana kwake mwenyewe kuwa ni huruma. Wasimamizi wanaotafuta dawa ya kumtia tabibu ujasiri wanamtibu mzima. Mapitio mapana ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2016 yalitaja mambo yanayowawezesha walimu kusema kweli, nayo ni hisia ya wajibu kwa wagonjwa na kwa fani yao, msaada wa taasisi, na kuwepo kwa njia ya kumwinua mwanagenzi aliyeanguka. La kwanza tabibu huja nalo kutoka nyumbani. Mawili ya mwisho hana budi kupewa.

Katika vikwazo vyote, kile cha rufani na mahakama ndicho kinachokuzwa zaidi na ambacho, kwa Marekani walau, kina msingi mdogo kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1978 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilitoa hukumu katika kesi ya Horowitz dhidi ya Chuo Kikuu cha Missouri, ya mwanafunzi wa utabibu aliyefukuzwa karibu na kuhitimu, ambaye alama zake za vitabu zilikuwa njema lakini kazi yake kwa wagonjwa ililalamikiwa mara kwa mara. Chuo, kabla ya kumwondoa, kilimpeleka kwa matabibu saba wa nje ambao kila mmoja alikaa naye peke yake akampima: wawili wakasema ahitimu kwa wakati wake, wawili wakasema aondolewe mara moja, watatu wakasema asihitimu bali aendelee kuwekwa chini ya uangalizi. Mtu aweza kuuliza mahakama ingefanya nini na mgawanyiko kama huo. Ilisema kwamba hukumu ya kitaaluma ya walimu haifanani na ushahidi wa jinai, wala haihitaji kesi rasmi. Chuo kilikwisha mwonya mwanafunzi, kikampa nafasi, kikasikiliza wengi, na hayo yalitosha na kuzidi. Mwaka 1985, katika kesi ya Ewing dhidi ya Chuo Kikuu cha Michigan, majaji wote walikubaliana kwamba mahakama hazina budi kuiheshimu hukumu ya kitaalamu ya walimu isipokuwa pale wanapokiuka kabisa desturi za taaluma. Kwa hiyo sheria imesimama upande wa tabibu anayeandika kweli, kwa sharti jepesi kwamba aandike mapema, amwonye mwenyewe, na asiwe peke yake. Wa kuogopa ni yule aliyeandika "vizuri sana" mara tano kisha mara ya sita akataka kijana afukuzwe. Hata hivyo hofu ya sheria haifuati sheria. Inafuata masimulizi ya chumba cha chai, na vyuo vichache sana huwafundisha walimu wao wapya kesi hizi mbili, jambo ambalo lingechukua nusu saa.

Kuna sababu nyingine ambayo haitajwi sana kwa kuwa haina staha. Mwanagenzi naye humpima mwalimu. Katika hospitali nyingi za Marekani alama ambazo wanafunzi humpa tabibu huingia katika jalada lake la kupandishwa cheo, na tuzo za ualimu hutolewa kwa kura zao. Tena mwanagenzi ni mkono wa kazi, na akizuiwa, zamu ya usiku ina pengo ambalo mtu lazima alijaze, na mara nyingi ni yule aliyemzuia. Juu ya hayo, kila chuo kinashindana kuwapatia wanafunzi wake nafasi nzuri za ubingwa, na barua ya mkuu wa chuo ikiwa na neno moja kavu, mwanafunzi wa jirani aliyeandikiwa asali ndiye atakayechukuliwa. Uchunguzi wa mwaka 2012 uliovikusanya karibu vyuo vyote vya utabibu vya Marekani ulionyesha kwamba alama ya juu kabisa ya kazi za wodini hutolewa kwa asilimia 2 ya wanafunzi mahali pamoja na kwa asilimia 93 mahali pengine, na wanaoanguka hawafiki hata mmoja katika mia. Sarafu iliyopigwa kwa namna hiyo hainunui kitu, na tabibu mkweli akiwa peke yake katika soko la sarafu mbovu humdhulumu mwanafunzi wake mwenyewe. Hapa naungama kwamba sioni njia ya mtu mmoja mmoja kutoka. Tabibu anayetakiwa aandike kweli ilhali jirani zake wote wanaandika sifa anaombwa afanye ushujaa ambao gharama yake itabebwa na kijana, si yeye.

Lakini kunyamaza nako kuna gharama, na aliyeilipa hajulikani mpaka baadaye. Maxine Papadakis na wenziwe walichapisha mwaka 2005 uchunguzi wa madaktari 235 wa vyuo vitatu vya Marekani waliopewa adhabu na mabaraza ya udaktari, wakawalinganisha na wenziwao 469 wasioadhibiwa. Wale walioadhibiwa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na taarifa za mwenendo usiofaa tangu walipokuwa wanafunzi, hasa kutowajibika kabisa na kutokubali kurekebishwa. Dalili zilikuwapo, na kwa baadhi yao zilikuwa zimekwisha kuandikwa. Hazikuwa na pa kwenda.

Mfano wa kutisha kuliko yote ni wa Michael Swango. Katika mwaka wake wa mwisho katika Chuo Kikuu cha Southern Illinois iligunduliwa kwamba ameandika uchunguzi wa wagonjwa ambao hakuwafanyia. Wenziwe walikwisha kumwona si mtu wa kuaminiwa. Akacheleweshwa mwaka mmoja, akahitimu mwaka 1983, akapokewa katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Ohio State. Huko wauguzi walisema waziwazi kwamba wagonjwa hugeukiwa na hali baada ya yeye kupita. Uchunguzi wa wakubwa ukamsafisha, kisha hospitali, bila ya kueleza mengi, haikumchukua aendelee na ubingwa, na leseni ya jimbo akaipata vile vile. Mwaka 1985 alitiwa hatiani kwa kuwatilia sumu wafanyakazi wenziwe wa gari la wagonjwa, akafungwa, akatoka, akaghushi vyeti, akapata kazi tena, na mwaka 1994 alikuwa Zimbabwe, katika hospitali ya misheni ya Mnene, akiwatibu watu wa kijijini ambao hawakuwa na njia yoyote ya kujua yaliyosemwa na wauguzi wa Ohio miaka kumi nyuma. Mwaka 2000 alikiri mauaji, akahukumiwa kifungo cha maisha. Simleti mtu huyu kana kwamba kila mwanagenzi mzembe ni muuaji, jambo ambalo lingekuwa upuuzi. Namleta kwa sababu safari yake inaonyesha namna neno la kweli linavyokufa: halikukosa msemaji, lilikosa msikilizaji, na kila taasisi iliyomtilia shaka iliona wepesi kumwachia aende kuwa shaka ya wengine.

Sasa yafaa kuweka kizuizi kwa upande wa pili, maana wapo wanaodhani kwamba tabibu akiisha kuwa mkweli basi amekuwa mwadilifu. Mwaka 2017 zilichapishwa hesabu za tathmini 33,456 walizofanyiwa madaktari wanagenzi 359 wa idara za dharura katika hospitali nane za Marekani: mwanzoni wanaume na wanawake walipewa alama sawasawa, lakini kadiri miaka ilivyokwenda wanaume walionekana kupanda haraka zaidi, hata mwishoni pengo likawa sawa na miezi kadhaa ya mafunzo, na waliotoa alama hizo walikuwa walimu wa kiume na wa kike vile vile. Hapana shaka wengi wao waliandika walichokiamini. Insafu ya moyo haitoshi pasipo jicho lililozoezwa, na jicho moja, hata lizoezwe vipi, halitoshi pasipo mengine.

Ndiyo sababu mageuzi yaliyofaa zaidi ni yale yaliyompunguzia tabibu mzigo wa kuwa shahidi na kadhi kwa wakati mmoja. Tangu mwaka 2013 baraza linalosimamia mafunzo ya madaktari wahitimu nchini Marekani limeagiza kila programu iwe na kamati ya umahiri, ambamo walimu kadhaa hukutana na kusoma vipande vyote pamoja, na hukumu hutoka kwa kamati wala si kwa jina la mtu. Mwalimu mmoja aliyeandika "alisita mno kuita msaada usiku wa Jumanne" hajamfukuza mtu. Ametoa ushahidi wa usiku mmoja. Huko Utrecht, Olle ten Cate alipendekeza mwaka 2005 kwamba badala ya kuuliza kijana huyu ni mzuri kiasi gani, tabibu aulizwe aweza kumwachia kazi ipi, na kwa uangalizi wa namna gani. Swali hilo lina baraka yake, kwa kuwa tabibu hulijibu kila siku kwa vitendo, anapoamua kwenda nyumbani au kubaki, na mtu hasiti sana kuandika aliyokwisha kuyatenda. Njia ndogo aliyoieneza John Norcini, ya kumtazama mwanagenzi na mgonjwa mmoja kwa dakika kama ishirini kisha kumwambia papo hapo yaliyoonekana, ina faida iyo hiyo, na humo ndimo hima na kweli hukutana, kwa maana maneno ya saa ileile ni mepesi kwa msemaji na kwa msikilizaji: kosa lingali dogo, na kesho kuna mgonjwa mwingine wa kujirekebishia.

Hata dawa hizo zina sumu yake zikizidishwa. Kanada, iliyoanza mwaka 2017 kuhamisha mafunzo ya mabingwa katika mfumo wa umahiri wenye vitathmini vingi vidogo vidogo, iliona wanagenzi wakiwafukuzia walimu korido hadi korido kutafuta saini, na wakijifunza upesi ni nani mwenye mkono mwepesi. Kitu kilichokusudiwa kuwa nasaha kimehesabiwa, na kikiisha kuhesabiwa kimekuwa mtihani, na mwanafunzi haendi kwenye mtihani kuonyesha asichokijua.

Nikirudi kwetu, naona mto ni ule ule ila kingo zake zimekaribiana zaidi. Tanzania na Kenya daktari aliyehitimu hufanya mwaka wa utarajali kabla ya kusajiliwa kikamilifu, akipita upasuaji, magonjwa ya ndani, watoto na uzazi, na logbuku yake hutiwa saini na wakubwa wa kila idara. Katika hospitali ya mkoa yenye bingwa mmoja wa upasuaji, au isiyo na bingwa kabisa, anayetia saini ndiye anayemtegemea tarajali kwa zamu za wiki nzima, ndiye atakayekutana naye katika mkutano wa chama, katika harusi, pengine katika ofisi ya wizara miaka kumi baadaye akiwa mkubwa wake. Na logbuku huletwa kwa saini siku ya mwisho, kurasa zote kwa pamoja, mwenye nayo amesimama mlangoni na shikamoo yake, basi limekaribia kuondoka. Hapo muhali hauhitaji kuelezwa. Tabibu anayesaini hajaona mengi ya yaliyoandikwa mle, naye anajua, na kijana anajua kwamba anajua.

Vyuo vyetu vilijua tangu zamani kujikinga na muhali katika mitihani, kwa desturi ya mtahini wa nje, na Chuo cha Madaktari Wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao Arusha, huwakalisha watahini wa nchi mbali mbali mbele ya mtahiniwa ambaye hawamjui yeye wala mjomba wake. Desturi hiyo ni njema na haina budi kudumu. Lakini mtahini wa nje huona saa moja ya mtu aliyejitayarisha mwaka mzima. Hayuko pale saa nane za usiku mama anapovuja damu na tarajali anaamua kumwamsha mkubwa au kutomwamsha. Wa kuyajua hayo yupo ndani ya wodi, na mara nyingi si daktari.

Kwa hiyo kama ningeulizwa kipi kifanywe kwanza katika hospitali isiyo na kompyuta za kutosha wala fedha za bahashishi, ningesema mabingwa wawili, au bingwa na daktari mwandamizi pale alipo mmoja tu, wakae pamoja na muuguzi mkuu wa wodi nusu saa kila mwezi, wapite jina kwa jina, waandike sentensi mbili juu ya kila tarajali katika daftari la idara ambalo si logbuku yake, na mmoja wao amwite siku ile ile amwambie. Muuguzi mkuu ndiye wa kuanza kusema, kabla ya madaktari hawajatoa rai zao, maana akiisha kumsikia bingwa akisifu, hatasema tena.